Risiti ya Hawala na Shahidi Asiye na Jina

Risiti ya hawala ni karatasi fupi sana. Huandikwa jina la anayetuma, jina la atakayepokea, kiasi cha fedha, tarehe na nambari ya simu, ambayo mara nyingi si ya mpokeaji mwenyewe bali ya jirani anayeaminika. Kwetu sisi neno lenyewe halina kitisho chochote. Wazee wetu waliiita hawala ile karatasi ya kutumiana fedha kwa posta, na mpaka leo karo ya mpwa au dawa ya bibi husafiri kwa njia hiyo kutoka ng'ambo hadi mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, kisha ikaendelea mpaka vijiji ambavyo benki haijavifikia. Nilipoanza kusoma hukumu za mahakama za Marekani katika kesi za watu walioshtakiwa kwa kuyapelekea makundi yenye silaha fedha na vifaa nje ya nchi hiyo, nilikuta neno hili likihitaji kufafanuliwa mbele ya raia kumi na wawili ambao hawajapata kulisikia. Nikaona kwamba shahidi mtaalamu katika kesi hizi hafanyi kazi ile niliyozoea kumwona akiifanya.

Mimi si wakili. Nimekuwa mkalimani wa mahakama katika pwani ya Kenya kwa miaka kumi na minne, nikisimama hatua mbili kutoka kizimbani, na katika muda huo nimewasikia mashahidi wataalamu wa kila aina: daktari anayesoma ripoti ya maiti, mchunguzi wa mwandiko, afisa wa kampuni ya simu, mkaguzi wa silaha. Kila mmoja wao huja na kitu mkononi. Kitu hicho kimepewa nambari ya kielelezo, kipo mezani kwa karani, na upande wa utetezi ukitaka unaweza kumleta mtaalamu wake akakipima upya. Shahidi ninayetaka kumzungumzia leo haji na kitu. Huja na nchi nzima kichwani mwake, akawaeleza watu ambao hawataiona nchi hiyo kamwe jinsi ilivyo, nani ni nani ndani yake, na fedha ikishafika kule huishia mkononi mwa nani.

Sababu ya kumhitaji iko kwenye sheria yenyewe. Tangu mwaka 1996 Marekani ina kifungu cha 2339B, kinachomtia hatiani mtu yeyote anayelipatia msaada kundi la nje ambalo serikali imelitangaza kuwa la kigaidi. Msaada huo waweza kuwa fedha, vifaa, makazi, mafunzo, usafiri au hata nguvu zake mwenyewe. Adhabu yake ya juu, ambayo ilianza kwa miaka 10, ikapandishwa hadi 15 mwaka 2001 na 20 mwaka 2015. Mwendesha mashtaka hahitaji kuthibitisha kwamba mshtakiwa alipenda mabomu. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika uamuzi wake wa tarehe 21 Juni 2010 kuhusu watu waliotaka kuwafundisha Wakurdi wa kundi la PKK la Uturuki na Watamili wa kundi la LTTE la Sri Lanka njia za amani na sheria za kimataifa, ilisema kwamba yatosha mtu ajue kundi ni lipi, hata kama nia yake ni njema. Kwa hiyo maswali yanayobaki ni machache: je, alituma, je, aliyepokea ni kundi hilo, na je, alijua. Risiti hujibu swali la kwanza. La pili na la tatu majibu yake yako Galgaduud nchini Somalia au Jenin kwa Wapalestina, na mahakama ya San Diego au Dallas haina namna ya kufunga safari kwenda kuyatafuta.

(Kuna kichekesho kidogo katika orodha ya mambo yaliyokatazwa na kifungu hicho: mojawapo ni ushauri wa kitaalamu. Mtaalamu mmoja akilishauri kundi hufungwa, na mwingine huitwa mahakamani ili yule wa kwanza afungwe.)

Marekani ina utaratibu mkali, kwa maandishi angalau, wa kumchuja mtaalamu kabla hajafungua kinywa mbele ya baraza la raia ambalo wao huliita juri. Uamuzi wa mwaka 1993 katika kesi ya Daubert, iliyohusu dawa ya kutuliza kichefuchefu cha wajawazito iliyodaiwa kuwalemaza watoto tumboni, ulimfanya jaji kuwa bawabu. Ni lazima ajiulize kama njia aliyotumia mtaalamu inaweza kujaribiwa, kama imepitiwa na wenzake wa fani hiyo, na kiwango chake cha kukosea ni kipi. Mwaka 1999 wajibu huo ulipanuliwa hata kwa utaalamu usio wa maabara. Maswali hayo yanamfaa mpima damu. Ukimuuliza mtu anayesema kwamba kamati fulani ya zaka iko chini ya kundi la Kipalestina la Hamas kiwango chake cha kukosea ni kipi, atakuambia nini? Hajawahi kuambiwa amekosea, kwa sababu hakuna mahali pa kulipeleka jibu lake likasahihishwe.

Majaji walipokutana na ugumu huu walipata njia ya kuupita. Kesi inayotajwa mara nyingi ni ya Charlotte, North Carolina, ambako kundi la watu walinunua sigara kwa ushuru wa senti 50 kwa katoni na kuzisafirisha kwa magari hadi Michigan, ambako ushuru ulikuwa dola 7.50, wakala faida iliyo katikati. Hilo ni magendo ya kawaida, ambayo mtu yeyote aliyekaa mpakani Lungalunga au Namanga anayaelewa bila ya mtaalamu. Lakini kiongozi wao alishtakiwa pia kwa kulichangia kundi la Hezbollah la Lebanon dola 3,500, na hapo ndipo alipoitwa Matthew Levitt, mtafiti wa masuala ya ugaidi, kueleza Hezbollah ni nini, imejengwa vipi, na mtu fulani aliyekuwa akiwasiliana na washtakiwa ana cheo gani ndani yake. Mshtakiwa alihukumiwa jumla ya miaka 155, iliyokuja kupunguzwa baadaye hadi 30. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ilikubali ushahidi huo, kwa maelezo kwamba kukusanya habari kutoka vyanzo vingi, kuzilinganisha na kuzipima tena na tena ni njia inayokubalika miongoni mwa watafiti.

Sina ugomvi na njia hiyo kama njia ya kuandika kitabu. Mwanahistoria hana nyingine. Tatizo langu ni kwamba msomaji wa kitabu anaona tanbihi, anaweza kuzifuata, na akikuta mwandishi amelemea upande mmoja anakifunga na kuchukua kingine, na hakuna anayelala gerezani kwa sababu ya sura ya tano. Zaidi ya hapo, ndani ya ushahidi huo mmoja mmefungwa vitu viwili tofauti kabisa. Kueleza muundo wa Hezbollah ni elimu. Kusema kwamba mtu huyu, mwenye jina hili, ni kiongozi wa Hezbollah ni kuthibitisha tukio, na tukio huhitaji mtu aliyeliona. Shahidi mtaalamu huanza na la kwanza kwa muda mrefu, kwa sauti ya mwalimu, mpaka wasikilizaji wamemzoea, kisha huteleza kwenda la pili bila mtu kusikia mlango ukifunguliwa.

Kesi iliyonikalia moyoni kuliko zote ni ya taasisi ya Holy Land Foundation ya Richardson, Texas, iliyokuwa ikijulikana kama taasisi kubwa kuliko zote za misaada za Waislamu wa Marekani hadi ilipofungwa tarehe 4 Desemba 2001. Mashtaka yalikuwa kwamba, baada ya Hamas kuwekewa vikwazo mwezi Januari 1995, viongozi wake walipeleka takriban dola milioni 12.4 kwa kamati za zaka za Ukingo wa Magharibi na Gaza zilizokuwa chini ya kundi hilo. Hakuna aliyesema kwamba fedha hizo zilinunua bunduki. Zilikwenda kwa yatima, hospitali, chakula na shule. Hoja ya mashtaka ilikuwa kwamba kamati zenyewe ni mikono ya Hamas, kwamba kila mkate unaotolewa na mikono hiyo huliongezea kundi wapenzi, na kwamba mzigo wa mikate ukiondolewa begani mwa kundi, fedha zake nyingine hubaki huru kwa ajili ya silaha. Kamati hizo hazikuwa kwenye orodha ya serikali ya makundi yaliyopigwa marufuku. Ilibidi basi mtu aje aseme kuwa ni za Hamas.

Aliyekuja aliitwa Avi. Hilo halikuwa jina lake. Alikuwa mshauri wa sheria wa idara ya usalama wa ndani ya Israeli, na sheria ya nchi yake hairuhusu jina lake kutajwa. Basi akaruhusiwa kutoa maoni ya kitaalamu kuhusu fedha za Hamas na kamati za zaka bila ya washtakiwa wala mawakili wao kujua yeye ni nani. Pamoja naye alikuja mwingine wa jeshi la Israeli, naye kwa jina la kupewa, kuthibitisha nyaraka zilizochukuliwa na wanajeshi katika ofisi za Wapalestina. Kesi ya kwanza, ya mwaka 2007, ilivunjika kwa sababu juri halikuafikiana. Ya pili ilimalizika tarehe 24 Novemba 2008 kwa hatia katika mashtaka yote, na mwezi Mei mwaka uliofuata washtakiwa wawili wakapewa miaka 65 kila mmoja, mmoja miaka 20, na wawili 15.

Nilipolisoma jambo la Avi kwa mara ya kwanza nilidhani nimelielewa vibaya, nikarudi juu nikasoma tena. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kusema, katika kesi iliyotoka Illinois, kwamba kumuuliza shahidi jina lake na makazi yake ndio mwanzo kabisa wa kumhoji, kwa kuwa bila ya hayo huwezi kwenda nje ya mahakama ukauliza watu wanamjuaje. Huku kwetu, hata katika kesi ya kuku aliyeibwa shahidi husema jina lake, umri, dini, kazi na kijiji kabla hajaulizwa chochote kuhusu kuku. Mahakama ya rufaa ilipolipima suala hili Desemba 2011 ilisema kwamba hatari kwa mashahidi na familia zao ilikuwa ya kweli, na kwamba utetezi ulipewa zaidi ya majuzuu ishirini ya nyaraka ambazo mashahidi hao walizitegemea, hivyo ulikuwa na nafasi ya kutosha ya kumpinga Avi kwa hoja hata kama haukujua jina lake. Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza mwaka 2012.

Nimejaribu kuitendea haki hoja hiyo, maana haina upuuzi. Mtu anayefanya kazi ya ujasusi dhidi ya Hamas hana haja ya kujitangaza Dallas, na anayesoma nyaraka zake anaweza kweli kuona kama zinasema anachodai zinasema. Lakini mtaalamu ni tofauti na shahidi aliyeona gari likigonga. Aliyeona gari tunayapima macho yake. Mtaalamu tunampima yeye mzima: amesoma wapi, ameandika nini, nani anamlipa, wenzake wanamheshimu au wanamcheka, aliwahi kusema kinyume mwaka gani. Ondoa jina, na vyote hivyo vinaondoka nalo. Kinachobaki ni cheo cha idara, na idara hiyo ni ya dola ambayo imo vitani na kundi linalozungumziwa. Upande wa utetezi ulimleta mtu mwenye jina: Edward Abington, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani mjini Jerusalem katika miaka ya tisini, ambaye alieleza kwamba katika taarifa za kijasusi alizokuwa akipewa hakuwahi kuambiwa kuwa kamati hizo ziko mikononi mwa Hamas. Kwa kuwa alikuwa na jina, mwendesha mashtaka aliweza kumuuliza kuhusu kazi aliyoifanya baadaye ya kuishauri Mamlaka ya Palestina kwa malipo. Hiyo ilikuwa haki yake kabisa. Ni haki hiyohiyo ambayo mawakili wa utetezi walikosa kwa Avi.

Ndani ya hukumu hiyohiyo ya 2011 kuna sehemu ndogo ambayo nadhani wasomaji wengi huipita. Shahidi mmoja wa kawaida, ambaye alikuwa amekiri kosa lake mwenyewe katika kesi nyingine, alisema mbele ya juri kwamba kamati fulani zilikuwa za Hamas. Alipoulizwa alijuaje, akajibu kwamba alisoma magazeti na vipeperushi, aliona kwenye intaneti na alisikia kwa marafiki. Mahakama ya rufaa ikasema hayo ni maneno ya kuambiwa, haikupasa yapokelewe, ingawa kosa hilo halikubadili matokeo kwa sababu wataalamu walisema jambo lilelile. Sasa mtaalamu naye alijuaje? Kwa nyaraka, kwa matangazo, kwa magazeti, kwa yaliyosemwa na waliohojiwa vizuizini. Kanuni ya 703 ya ushahidi wa shirikisho inamruhusu mtaalamu kujenga maoni juu ya mambo ambayo yenyewe hayakubaliki mahakamani, mradi watu wa fani yake huyategemea. Maji ni yaleyale, chombo ndicho kilichobadilika.

Si kwamba majaji wa Marekani hawalioni hili. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilibatilisha hukumu za watu wa genge la MS-13 la Long Island kwa sababu mpelelezi aliyeitwa kama mtaalamu wa magenge alikuwa kwa kweli akiwasimulia juri mambo aliyoambiwa na watu aliowahoji wakiwa kizuizini, na washtakiwa hawakupata kuwahoji watu hao. Mahakama ilieleza vizuri jinsi afisa wa namna hiyo anavyogeuka kutoka mfafanuzi wa mila za genge na kuwa msimulizi wa matukio ambayo serikali ilitakiwa kuyathibitisha kwa mashahidi. Ningependa kuona ukali huo katika kesi za makundi ya nje. Huonekana mara chache, nami sidhani kwamba ni kwa bahati mbaya, kwani genge la Long Island lina majirani wanaoweza kuja kushuhudia, na jaji anajua hivyo; Gaza na Somalia zikiwa mbali, kila mtu huridhika na msimulizi.

Kwa Somalia mfano ulio karibu nasi ni wa San Diego. Wasomali wanne, mmoja dereva wa teksi, mwingine imamu wa msikiti, wa tatu mfanyakazi wa ofisi ya hawala na wa nne dereva wa teksi wa upande wa Anaheim, walipatikana na hatia tarehe 22 Februari 2013 kwa kupeleka takriban dola 8,500 kwa al-Shabaab katika miaka ya 2007 na 2008. Ushahidi mkubwa ulikuwa mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, na mtu wa Somalia aliyesikika akiomba fedha alikuwa akijulikana kwenye simu kwa jina la Shikhalow. Mashtaka yakasema huyo ni Aden Hashi Ayrow, kiongozi wa al-Shabaab aliyeuawa kwa kombora la Marekani huko Dhusamareb tarehe 1 Mei 2008. Utetezi ukasema ni mtu mwingine, afisa wa polisi wa eneo hilo. Fedha, walisema, zilikuwa za shule, yatima na utawala wa jimbo, katika kipindi ambacho jeshi la Ethiopia lilikuwa ndani ya nchi tangu Desemba 2006 na watu wa kila koo walikuwa wakichangishana kama ilivyo desturi.

Hapa ndipo elimu ya mtaalamu inapohitajika kweli, wala sibezi. Raia wa San Diego hawezi kujua kwamba al-Shabaab iliwekwa kwenye orodha ya Marekani mwishoni mwa Februari 2008 tu, kwamba kabla ya hapo ilikuwa imekulia ndani ya Muungano wa Mahakama za Kiislamu, au kwamba mwaka ule mtu aliyepigana na Waethiopia angeweza kuwa wa al-Shabaab, wa Muungano huo wa Mahakama, wa ukoo au wa nafsi yake. Mtaalamu mzuri angewapa juri mkanganyiko huo wote bila kuupunguza. Ila mashtaka hayamleti shahidi ili aeleze mkanganyiko. Na kuna jambo jingine la kesi hii, ambayo hukumu yake ya rufaa ya Septemba 2020 ilipata umaarufu kwa kusema kwamba ukusanyaji wa rekodi za simu za Wamarekani wote ulivunja sheria, huku ikiacha hatia za watu hao wanne kama zilivyo. Tathmini ya ndani ya FBI ya mwaka 2009 ilikuwa imeona kwamba yule dereva wa teksi wa San Diego hakusukumwa na itikadi ya al-Shabaab, bali huenda alimsaidia Ayrow kwa kuwa wote wawili ni wa ukoo wa Ayr wa Habar Gidir.

Kwa sheria ilivyo, hilo halimwokoi, kwani ukoo si kinga na kifungu hakiulizi sababu. Lakini linaonyesha kwamba ndani ya serikali hiyohiyo walikuwamo watu wanaoisoma Somalia kwa njia nyingine, na njia hiyo inafanana zaidi na vile ambavyo Msomali wa Garissa angekueleza ukimuuliza. Dereva huyo alipewa miaka 18.

Mtu anaweza kusema kwamba utetezi nao ulete mtaalamu wake. Huletwa, inapowezekana. Katika kesi ya mfamasia kijana wa Massachusetts aliyehukumiwa miaka 17 na nusu mwaka 2012, mashtaka walimleta Evan Kohlmann, ambaye ametoa ushahidi katika kesi nyingi za aina hii, na utetezi wakamleta Marc Sageman, daktari wa akili aliyewahi kuwa afisa wa CIA huko Pakistani. Wawili hao walitofautiana waziwazi, na juri likasikia tofauti. Hali hiyo si ya kila siku. Mtaalamu wa kweli wa kijiji cha Galgaduud yuko Galgaduud, hana viza, hana cheti cha chuo, na akifika Marekani anaweza kujikuta akihojiwa yeye. Katika kesi ya San Diego baadhi ya mashahidi wa utetezi ilibidi wahojiwe kwa video wakiwa Djibouti. Profesa naye hupima mara mbili kabla ya kukubali kuonekana upande wa kizimba katika kesi yenye neno ugaidi. Serikali haina upungufu huo: ina orodha ya mashahidi waliozoea, wanaojua kutazama juri machoni, na kila kesi waliyoshuhudia huwa sifa inayowaingiza katika kesi ifuatayo. Kwa njia hiyo mtaalamu hutengenezwa na mahakama zenyewe.

Tarehe 1 Desemba 2023 kanuni ya 702, ile ya Marekani inayohusu mashahidi wataalamu, ilirekebishwa ili isomeke wazi kwamba anayemleta mtaalamu ndiye mwenye mzigo wa kumridhisha jaji kuwa maoni yake yanatokana na njia ya kuaminika iliyotumika sawasawa kwa mambo ya kesi hiyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayoyapenda, kwa sababu ndipo mtelezo ninaousema unapotokea: njia inaweza kuwa safi katika kueleza kundi, kisha ikatumika ovyo kumweka mtu mmoja ndani ya kundi.

Kwetu Kenya hatuna juri, na kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinamtambua mtaalamu wa sheria za kigeni, sayansi, sanaa, mwandiko na alama za vidole. Hakimu hukaa peke yake, na hudhaniwa kwamba hatekwi kirahisi. Katika kesi ya shambulio la jengo la Westgate jijini Nairobi, iliyomalizika Oktoba 2020 kwa watu wawili kupewa miaka 33 na 18 na wa tatu kuachiliwa, uzito mkubwa uliangukia mawasiliano ya simu kati ya washtakiwa na wavamizi, yaani kitu chenye nambari ya kielelezo. Nililiona hilo kuwa jambo jema. Lakini simu zina maneno ndani yake, na maneno hufika kwa hakimu kupitia kwa watu kama mimi.

Miaka michache iliyopita nilikalimani kesi moja ya kusaidia kundi lililopigwa marufuku. Mahakama sitaitaja, wala mshtakiwa. Kielelezo kilikuwa ujumbe wa simu wa maneno manne: vijana wameshafika, wape chakula. Niliusoma kwa Kiswahili, nikautoa kwa Kiingereza, nikanyamaza. Mwendesha mashtaka akaniuliza, mkalimani, kwa maoni yako vijana ni akina nani hapa. Nikamwambia kwamba vijana ni watu wa umri fulani, na kwamba aliyeandika ndiye anayejua aliwakusudia nani. Akauliza tena, jina la kundi hili kwa Kiarabu maana yake nini. Nikajibu kwamba maana yake ni vijana, na kwamba sisi wenyewe tunalo neno shababi kwenye kamusi, na kijana wa kutia nanga na kijana wa kubeba mchanga wote huitwa hivyohivyo. Wakili wa utetezi akasimama, akasema mkalimani hakuapishwa kutoa maoni. Hakimu aliweka kalamu chini kwa muda, kisha akaandika neno vijana kama lilivyo, kwa Kiswahili, katikati ya sentensi ya Kiingereza, akaliwekea alama za kunukuu.

Kesho yake saa tatu aliingia afisa mmoja aliyeletwa kama mtaalamu wa makundi hayo. Akashika kitabu, akaapa, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa lilelile.